Mteja Asiyerudi



Katika somo la ujasiriamali tunafundishwa kwamba kumtafuta mteja mpya ni gharama kuliko kumtunza uliye naye. Kwa hiyo jifunze jina lake, mchangamkie, mpe nyongeza, mkumbuke siku ya Idi au ya Noeli, naye atarudi. Wengi wetu tumeyaandika haya madaftarini, tumeyajibu kwenye mtihani na tumepata alama. Sina ugomvi na somo hilo. Nina swali tu ambalo halikuulizwa kwenye mtihani: nikimtendea mtu wema kwa sababu najua atarudi, wema huo nimemtendea nani? Yeye, au nafsi yangu ya kesho?

Ndugu msomaji, usilione swali hili kuwa la wenye nafasi ya kukaa na kuwaza. Wengi tunaosoma Rubavu ada zetu zimetoka kwenye duka: la mzazi, la mjomba, la dada aliyeolewa. Mimi ni mmoja wao. Tangu nikiwa sekondari nimekaa mchana mwingi nyuma ya meza ya mama mdogo huko Mbugangari, dakika chache kwa miguu kutoka mpakani, nikipima unga, maharage, sukari na mafuta. Na hata ambaye kwao hakuna duka, huenda mwaka huu ameanza kuuza mandazi bwenini au vocha za simu. Swali linamhusu.

Mji wa Gisenyi unalifanya swali hili kuwa zito kuliko lingekuwa kijijini. Kijijini kila mteja atarudi, apende asipende, maana duka ni moja. Hapa kwetu wateja ni wa aina mbili, na muuzaji huwatambua kabla hawajafungua mdomo. Wako wa mtaani, wale ambao wenzetu wa Goma huwaita bakiliya: mama anayetuma mtoto kila jioni, fundi cherehani wa jirani, mwalimu anayelipa mwisho wa mwezi. Na yuko mpita njia: aliyevuka kutoka Goma kwa mara ya kwanza, mgeni wa Kigali aliyekuja kuliangalia Ziwa Kivu siku mbili, dereva anayesubiri karatasi zake za forodha. Mpaka mdogo, ule unaoitwa Petite Barrière, katika siku za kawaida hupitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku. Wengi wao hutawaona tena. Ukiwaona, hutawakumbuka.

Sasa tazama kopo. Wanaotoka mbali wataniwia radhi, lakini hoja yangu yote imo ndani ya kopo hili la kupimia maharage, mironko kama tunavyoliita. Linaweza kujazwa kwa namna tatu. Unaweza kulijaza hadi pomoni, ukaweka kilele mpaka punje zinamwagika, ukaongeza na kiganja kimoja juu ya hapo: hiyo ndiyo nyongeza, Wakongomani huiita matabishi. Unaweza kulijaza na kulikata sawa kwa mkono. Na unaweza kulishika kwa ndani, kidole gumba kikiwa kimezama kwenye maharage, huku kitako cha kopo kimebonyezwa juu tangu zamani kwa nyundo. Nimeona sokoni muuzaji mmoja, katika muda usiozidi robo saa, akizitumia namna zote tatu. Kilele kilikwenda kwa mama wa mtaani. Gumba lilikwenda kwa mgeni. Ukimuuliza mama wa mtaani atakuapia kwamba yule muuzaji ni mtu mwema sana, nawe huna haki ya kumwambia anasema uongo.

Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitoa mfano wa muuza duka. Muuza duka huyo hampandishii bei mnunuzi asiyejua, bei yake ni moja kwa wote, hata mtoto hununua kwake kama mtu mzima. Watu wanahudumiwa kwa uaminifu. Lakini, anauliza Kant, je, hiyo inatosha kusema kwamba amefanya hivyo kwa sababu ni wajibu? Huenda amefanya kwa faida yake tu, kwa kuwa biashara inadai hivyo. Kwa Kant, tendo la namna hii ni sahihi kwa sura yake, ila halina thamani ya kimaadili.

Nilipousoma mfano huo mara ya kwanza niliona kama ameingia Mbugangari. Hata hivyo nadhani sisi Waislamu hatuwezi kwenda naye hadi mwisho wa njia. Dini yetu haioni aibu faida. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alisafiri na mali ya Bibi Khadija kabla ya utume, na uaminifu wake katika safari hizo ndio uliomfanya ajulikane kwake. Abdurrahman bin Auf alipofika Madina mikono mitupu, akaahidiwa na ndugu yake wa Kiansari nusu ya mali yake, alimuombea dua ndugu huyo kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Hakuna aliyemwambia kwamba faida atakayoipata itamharibia uaminifu wake. Mtu anaweza kunuia riziki na kunuia radhi za Allah katika tendo moja la kupima unga, kama anavyoweza kunuia kushiba na kupata nguvu ya ibada katika sahani moja ya futari.

Ila Kant ametuachia kitu chenye manufaa, nacho ni njia ya kupima. Nia iko moyoni na hakuna mizani ya moyo. Lakini mahali ambapo faida na haki zinakwenda njia moja hujui ni ipi unayoifuata. Lazima usubiri zifike njia panda. Na kwa muuza duka wa mpakani, njia panda ni mteja asiyerudi. Huyo hana nyongeza ya kukupa kesho. Hatakusifia mtaani. Ukimpunja hutapoteza chochote duniani. Gumba lako mbele ya mtu huyo linasema kile ambacho tabasamu lako mbele ya jirani haliwezi kusema.

Imam Ghazali, katika sehemu ya Ihya inayohusu adabu za kuchuma, ana kisa cha Yunus bin Ubayd, mfanyabiashara wa Basra. Yunus alikuwa na mavazi ya bei mbalimbali, mengine ya dirhamu 400, mengine ya 200. Alikwenda kuswali akamwacha dukani mtoto wa ndugu yake. Akaja bedui akitaka vazi la 400. Kijana akamtolea la 200. Bedui akalipenda, akalipa 400 na kuondoka nalo mkononi kwa furaha. Njiani akakutana na Yunus, ambaye alilitambua vazi lake. Akamuuliza amelinunua kwa kiasi gani, kisha akamwambia halifiki thamani hiyo, arudi wakarekebishe. Bedui akakataa. Alisema kwao vazi kama hilo ni dirhamu 500, naye ameridhika. Yunus hakumwachia. Alimrudisha hadi dukani, akampa dirhamu zake 200, na yule kijana akapata ya kwake.

Wasomaji wengi wa kisa hiki husimama kwenye zile dirhamu 200. Mimi hunishangaza zaidi ile kauli ya bedui, kwamba ameridhika. Kijana naye aliitumia kujitetea: mtu amechukua kwa ridhaa yake. Leo tungesema huyo ni mteja aliyeridhika, na kuridhika kwa mteja ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa kulipima. Tungempa karatasi ya maoni ajaze, naye angetia alama ya juu kabisa. Lakini Yunus alimuuliza mpwa wake jambo jingine: je, umemridhia yeye kile unachokiridhia nafsi yako? Kuridhika kwa mnunuzi kunaweza kutokana na kutojua. Bedui alikuwa anajua bei ya kwao, hakujua bei ya Basra. Na alikuwa msafiri, mtu ambaye Yunus hakuwa na sababu ya kutarajia kumuona tena.

Hapo ndipo ninapoona kwamba mafundisho ya biashara na mafundisho yetu yanaachana bila kugombana. Biashara inauliza atarudi au hatarudi. Sharia inauliza amejua au hakujua. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaona rundo la nafaka, aliingiza mkono ndani akakuta unyevu, na jambo alilomwambia mwenye nafaka ni kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wakauona. Hakumkataza kuuza nafaka iliyolowa.

Kuhusu mpita njia naona nimesema ya kutosha. Anayenisumbua zaidi ni yule wa mtaani, yule anayerudi kila siku. Maana ziko sababu mbili za kurudi dukani, na kwa macho zinafanana kabisa.

Kwenye kila duka la Mbugangari kuna daftari. Jina, tarehe, kilo mbili, nusu lita, jumla. Kumkopesha jirani unga wakati mshahara haujafika ni ihsani kubwa, na asiyewahi kulala na njaa akisubiri tarehe 30 asilidharau daftari. Tena kuandika deni ni amri, iko katika aya ndefu kuliko zote za Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara. Lakini daftari hilohilo, likiangaliwa kwa jicho la kibiashara, ni kamba nzuri kuliko nyongeza zote. Mwenye deni kwako hatakwenda kununua kwa mwingine. Ataona haya. Au ataogopa kwamba utamdai siku hiyohiyo. Atakuja kwako, atachukua mchele wenye mawe bila kulalamika, atalipa faranga 50 zaidi ya bei ya jirani na atakuita boss. Mwisho wa mwaka utahesabu wateja wa kudumu, naye utamhesabu miongoni mwao.

Hali hii huonekana wazi kwa kina mama wanaovusha bidhaa. Asubuhi mama anahitaji mtaji: nyanya, vitunguu, viazi, maziwa. Jioni atarudi na pesa kutoka Goma. Mtaji huo wengi hawana, kwa hiyo wanamwendea muuzaji wa jumla. Wako wanaokopesha na kuacha mambo hapo. Na wako wanaosema: nitakukopesha, ila ununue kwangu tu, kwa bei yangu. Mama anakubali kwa kuwa saa ni kumi na moja alfajiri na mpaka unakaribia kufunguliwa. Atamaliza miaka akinunua hapo. Yule wa jumla atasema kwa fahari kwamba wateja wake ni waaminifu.

Wanafunzi wa sharia watakumbuka kwamba iko hadithi, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, inayokataza kuunganisha mkopo na mauzo pamoja. Na mafakihi wana kanuni mashuhuri kwamba mkopo unaomvutia mkopeshaji manufaa yaliyoshurutishwa umeingia katika riba. Tunapolisikia neno riba, fikra zetu hukimbilia benki. Ni mara chache tunaigeuza shingo kutazama kibanda cha viazi, ambako hakuna asilimia iliyoandikwa popote, ila mama analipa faranga zilezile kidogo kidogo juu ya kila kilo na hawezi kuondoka. Sisemi kila mkataba wa namna hii una hukumu moja. Kuuza kwa mkopo ni halali, na sura za mambo haya ni nyingi, muulizeni sheikh. Ninachosema ni kwamba mtu huyo si mteja mwaminifu. Ni mtu aliyefungwa, na aliyemfunga amejipa sifa ya kupendwa.

Haki inanitaka nimsikilize na wa jumla pia. Mkopo wake hauna dhamana. Mdaiwa wake hulala upande huu leo na upande ule kesho. Mwezi Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona, biashara ya miguu ilikatika karibu usiku mmoja, na madeni yakabaki yamekaa pande zote mbili, hakuna wa kuyafuata. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka na watu wa Goma wakavuka kwetu kwa maelfu na magodoro vichwani, kisha ardhi ikatetemeka siku kadhaa na nyumba za Gisenyi zikapasuka. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, ukabeba nyumba na maduka na watu. Mtu aliyefanya biashara katika mji huu miaka hiyo, akikuambia kwamba dhamana pekee aliyonayo ni kuiona sura ya mdaiwa wake kila asubuhi, usimcheke. Kumtaka arudi kila siku ni namna yake ya kujua kwamba deni bado liko hai. Hofu hiyo naielewa. Siioni kama ruhusa.

Mama mdogo yeye ana desturi ambayo hakuipata kwenye kitabu chochote cha biashara. Kila mwenye deni ana kijidaftari chake, na kinachoandikwa kwenye kubwa kinaandikwa na kwenye kidogo, mbele ya macho yake, kisha anaondoka nacho. Bei ya mkopo ni bei ya taslimu. Na malipo hayaendi pamoja na ununuzi: ukitaka kulipa kwa MoMo ukiwa nyumbani bila kukanyaga dukani, lipa, utaandikiwa. Wenzake wa mtaani humwambia anafukuza watu. Na kweli, wako waliochukua unga kwake kwa mkopo, wakawa wanapeleka taslimu zao kwa jirani mwenye bei nafuu, huku deni wakilipunguza kwa mwendo wa konokono.

Iko tabia moja ambayo wauza duka wote wanaijua na hakuna somo linaloitaja. Deni likizidi, mteja huanza kuzunguka. Njia yake ya nyumbani inapita mbele ya duka, lakini sasa anapita nyuma, kwenye mfereji, kwenye matope, na mtoto mgongoni. Daftari lililokuwa likimleta sasa linamfukuza. Mama mmoja wa mtaani kwetu alizunguka hivyo karibu miezi miwili. Siku moja mama mdogo alimtuma binti yake amwambie maneno haya: "Mwambie mama yako deni limo daftarini, salamu haimo daftarini. Apite mbele." Alipita mbele. Hakununua kitu siku hiyo, wala wiki hiyo. Walisalimiana tu, akauliza habari za watoto, akaenda zake. Kwa hesabu za darasani sijui tukio hilo liingizwe wapi, maana hakuna faranga iliyotoka wala iliyoingia. Lakini aya ya 280 ya Suratul-Baqara, inayoamrisha mwenye dhiki apewe muda, nilikuwa nimeihifadhi tangu madrasa, na siku hiyo niliiona ikitembea mtaani na mtoto mgongoni.

Kuna kundi jingine la kamba ambalo sisi Waislamu tunalifuma wenyewe. Tuko wachache nchini, na sifa njema tuliyonayo ina gharama yake. Mwaka 1994 Waislamu wengi wa Rwanda waliwaficha majirani waliokuwa wakiwindwa, na baada ya hapo watu wengi walianza kututazama kwa jicho jingine. Imani ya namna hiyo haiuzwi. Lakini naona imeanza kuandikwa kwenye vibao. Duka linaitwa kwa jina la mji mtukufu, ukutani kuna Bismillah, na muuzaji kila baada ya sentensi mbili anaapa wallahi hapati faida yoyote kwenye bei hiyo. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba kiapo huisukuma bidhaa iuzike, kisha huifuta baraka yake. Sokoni kwetu bidhaa nyingi zinasukumwa hivyo.

Kisha kuna shinikizo la upande wa pili, kwa mnunuzi: nunua kwa ndugu yako Mwislamu, hata kama unga wake una wadudu. Nimeyasikia haya hata katika mikutano yetu ya jumuiya. Kumsaidia ndugu ni jambo jema sana, nami hupenda kuanza kwake. Lakini sioni uaminifu wowote katika kumrudia mtu anayekupunja kwa sababu tu mnaswali safu moja. Mtume (s.a.w.) alinunua shayiri kwa mkopo kutoka kwa Yahudi wa Madina na kumwekea rehani deraya yake, na alifariki ikiwa bado iko rehani. Madina haikukosa Waislamu wenye nafaka. Na aya ya nane ya Suratul-Maida inatuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, basi vipi kwa jirani Mkristo anayekuja na kopo lake kila jioni?

Juu ya kunyang'anyana wateja sitakaa sana. Mnajua hadithi inayokataza mtu kuuza juu ya mauzo ya ndugu yake, na ile inayokataza kuwawahi wasafiri njiani kabla hawajafika sokoni wakaijua bei. Vijana wanaomkimbilia mama mwenye mzigo mara tu anapovuka, mmoja akivuta mkono, mwingine akivuta kapu, kila mmoja akimpigia kelele kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa, wanaijua bei ya siku. Mama haijui bado. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi yetu mwaka 2017, ingawa pale mpakani kilikuwa rasmi tangu babu zetu, na ningependa kisitumike kumwahi mtu kabla hajapumua.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali la mwanzo ni hili, na anayelipinga aandike katika toleo lijalo. Kumtaka mteja arudi si dhambi. Kumtendea wema ukitumaini atarudi si unafiki. Lakini kurudi kwake kuna maana pale tu anapoweza kutorudi: anajua bei ya jirani, anajua kasoro ya bidhaa, deni lake halimkatazi kupita barabara nyingine. Hakim bin Hizam amepokea kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu hawajaachana, na kwamba wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa. Mimi naona hiari hiyo kama mlango ulioachwa wazi. Duka ambalo mlango wake unafunguka kwa ndani tu lina wateja wengi, na hakuna hata mmoja aliyelichagua.

Limebaki jambo moja ambalo sina jibu lake, na naliandika hapa kwa matumaini kwamba miongoni mwa wasomaji yuko atakayetusaidia.

Mwezi Januari 2025, siku chache kabla ya mapigano kuingia Goma na makombora kuanguka hadi upande wetu, alikuja dukani mama mmoja wa ng'ambo. Si mgeni kabisa, alikuwa amekuja mara mbili au tatu. Alitaka sukari. Iliyokuwapo haikutosha, gari la mzigo lilitarajiwa kesho yake. Akaacha faranga 20,000, akasema ataifuata asubuhi. Mama mdogo akamwandikia kwenye daftari, na kwa kuwa huwaandikia wote, akamwandikia na kwenye kikaratasi cha kuondoka nacho. Hakuacha namba ya simu. Asubuhi hakuja. Wiki ile hakuja. Mpaka ulipotulia mama mdogo aliwauliza wanawake wanaovuka, kila mmoja kwa zamu, kwa sura, kwa kitenge alichokuwa amevaa, kwa mtaa aliodhani alisema. Hakuna aliyemjua.

Pesa ziko kwenye bahasha, ndani ya droo ya chini, juu yake pameandikwa "amana, sukari". Wako waliomwambia azitoe sadaka kwa niaba ya mwenyewe, akijitokeza amlipe. Wengine wamemwambia asubiri zaidi. Yeye hana haraka ya kuzitoa. Kinachomsumbua ni kwamba bei ya sukari imebadilika tangu siku ile, na kila anapolifungua daftari kwenye ukurasa huo huniuliza mimi, msomi wa nyumba: yule mama akisimama hapo mlangoni leo, tunadaiwa faranga au tunadaiwa sukari?